Mbwa Anayemngoja Mghoi

Haya nilielezwa na Mghoi mwenyewe, juma la pili la mvua za vuli, tulipokuwa kwangu tunapukuchua mahindi. Ulikuwa mwaka wa tano tangu Ua wa Ngurumo uwashwe. Alisimulia polepole, na kila mlingoti ulipolia alinyamaza, akangoja, kisha akaendelea palepale alipoachia. Mimi nayaandika vile alivyoyasema. Pale alipolia nimeruka.

Siku yenyewe alirudi kutoka sokoni saa kumi na moja jioni, kama kawaida yake, kapu tupu kichwani, miguu imejaa vumbi jekundu. Alipofika kwenye kona ya barabara akamwona mbwa wake, Kibiriti, ameketi langoni. Mbwa wa rangi ya mbao, kichwa cheusi, na jina alilipata hapo. Ameketi wima, masikio mbele, anaitazama barabara. Miaka saba alikuwa akimngoja hivyo, mvua na jua.

Mghoi alifurahi moyoni, maana wiki mbili hizo mbwa alikuwa amemgeukia. Kwanza aliacha kuja kumpokea kapu. Halafu akawa akimwona tu anaingia, mbwa anainuka, anakwenda kulala upande wa pili wa nyumba. Mghoi alisema ni uzee. Alisema ni minyoo, akamchemshia dawa, mbwa akaikataa. Lakini leo bado ameketi langoni.

"Kibiriti," akamwita. "Nimekuja, baba."

Mbwa aliinuka. Manyoya ya mgongoni yakasimama, mdomo ukapanda juu, meno yakaonekana na lile moja lililovunjika. Akanguruma kwa sauti ambayo Mghoi alikuwa ameisikia mara moja tu, usiku wezi walipokuja kwa mbuzi.

"Wewe. Ni mimi."

Akapiga hatua moja. Mbwa akamrukia, akakamata pindo la leso na kulichana.

Mghoi alirudi nyuma mpaka katikati ya barabara. Akasimama akiutazama mlango wa nyumba yake, hatua ishirini tu mbele yake. Na Kibiriti, alipoona yule mwanamke amerudi nyuma, aliketi tena palepale. Akainamisha kichwa kidogo kuchungulia kando yake, akaendelea kuitazama barabara, kama mtu aliyesumbuliwa na mpita njia wakati anamngoja mgeni wake.

Mwakisha, jirani yake, alipita na mbuzi wake akamkuta amesimama hapo.

"Mama Mkawasi, umepoteza ufunguo?"

"Mbwa amenikataa, Baba Lenjo."

"Amekukataaje? Ulimposa?"

"Tazama leso."

Mwakisha akaitazama leso, kisha akaenda kwa mbwa. Kibiriti alianza kutingisha mkia kabla hajafikiwa. Akalala chali, tumbo juu, akapiga chafya kwa furaha. Mwakisha akamkuna kwa kidole cha mguu.

"Mbona mwema tu? Labda anaogopa hilo kapu."

"Hilo kapu anatembea nalo miaka saba."

"Basi ni uso," akasema Mwakisha, akacheka peke yake. Alipoona Mghoi hacheki akaacha. Akamshika mbwa shingoni kwa mikono miwili, na Mghoi akapita upenuni akijibanza ukutani, akaingia nyumbani kwake kama mwizi.

*

Lazima nieleze kidogo habari za Ua, maana atakayesoma haya akiwa mbali atadhani ni ukuta. Hakuna ukuta. Ni milingoti tu, mmoja kila baada ya hatua mia tatu, kutoka mtoni kupita chini ya kilima chetu mpaka huko ambako mimi sijafika. Chini ya kila mlingoti wamezika sikio. Sikio hilo linasikia mguu wa tembo ndani ya udongo tembo akiwa bado mbali, linapima uzito wake, linapima anaelekea wapi, na akikaribia mashamba mlingoti unalipuka. Hakuna baruti. Ni sauti tupu, iliyokusanywa pamoja ikatupwa kama jiwe. Usiku au mchana, haubishi hodi.

Mwaka wa kwanza ulikuwa kama mlio wa bunduki. Tembo wakauzoea. Wenye Ua wakaongeza nguvu. Tembo wakazoea tena, wakaongeza tena. Siku hizi mlingoti wa nne, ulio nyuma ya shamba la Mghoi, ukilia, vikombe vinatembea kabatini.

Na hakuna aliyewahi kusimama mkutanini akasema uzimwe. Kabla ya Ua, kijiji kilizika watu kumi na mmoja katika miaka mitatu. Wa tisa alikuwa Wakesho, mdogo wake Mghoi, aliyekwenda kuchota maji alfajiri. Ukimwambia Mghoi kwamba Ua ni mbaya anakuuliza kama wewe ulimwona Wakesho walipomleta. Ukisema hukumwona, anabadilisha mazungumzo.

Lakini wanyama hakuna aliyewauliza. Kuku waliacha kutaga. Paka walihama, hatujui walikokwenda. Mbwa ndio waliopatikana, kwa sababu mbwa hahami. Mmoja alijitosa kisimani. Mwingine alikimbia mpaka akaanguka barabarani, damu puani. Kibiriti alitafuna mlango wa mbao akitaka kuingia ndani, akavunja jino, na alipofunguliwa akakaa chini ya kitanda siku tatu akijikojolea. Mghoi alilala sakafuni kando yake siku zote tatu.

Ndipo Nyange akaja na mikanda. Nyange ni kijana wa idara ya mifugo, mpole, mwenye haraka, pikipiki yake haina mlio. Alimvisha Kibiriti mkanda mweusi shingoni, akageuza upande wa ndani, akamwonyesha Mghoi kitu kidogo kama punje ya mahindi.

"Mlingoti ukilia, mama, mkanda unasikia moyo wa mbwa umeruka. Hapo unafunguka kwa dakika tatu. Chochote kinachoingia kichwani mwake katika dakika hizo, mkanda unakitoa, pamoja na mizizi yake ya zamani, unakiweka kwenye hii punje. Kwake inakuwa kama hakikutokea. Mlio wa kesho hautakuta mlio wa jana."

"Hauumi?"

"Hauumi. Jambo moja tu. Hizo dakika tatu, mwache. Usimguse, usimsemeshe, usimkaribie."

"Nimwache peke yake na hofu?"

"Hofu haitakuwepo."

"Lakini hizo dakika tatu itakuwepo."

Nyange alikuwa na mbwa wengine ishirini wa kuvisha siku hiyo. "Ni dakika tatu tu, mama," akasema, akawasha pikipiki.

Sasa, katika ukoo wa Mghoi mtu aliyeshtuka haachwi. Iwe radi, iwe nyoka, iwe habari ya msiba, aliye karibu atamshika, atamfunika kichwa kwa nguo aliyoivaa, na atamwita jina mara tatu, kisha amtajie jina lake mwenyewe, ili yule ajue ni nani anayemwita. Hufanya hivyo mpaka ajibu. Wanasema asiyeitwa hubaki kulekule kwenye mshtuko, mwili ndio unaendelea kula na kulala. Mama yake Mghoi alimwita hivyo utotoni. Yeye akamwita hivyo bintiye. Siku walipomleta Wakesho, ua mzima ulikuwa unaitana majina.

Kwa hiyo alimsikiliza Nyange vile tunavyomsikiliza daktari anayesema tupunguze chumvi. Unakubali, unashukuru, unakwenda kupika.

Kila mlingoti ulipolia, Mghoi aliacha alichoshika. Aliacha jembe, aliacha sufuria motoni, mara moja aliacha mteja na mizani palepale upenuni. Akamkimbilia mbwa, akamvuta kifuani, akamfunika leso aliyojitanda, akasema kwenye sikio lake: "Kibiriti, Kibiriti, Kibiriti. Ni Mghoi. Niko hapa." Mwanzoni mbwa alitetemeka. Mwezi wa pili akatetemeka kidogo. Mwezi wa nne hakutetemeka tena, na Mghoi akamsifu Nyange mbele za watu, ingawa kimoyomoyo alijua ni nini hasa kilichomponya mbwa wake.

*

Nyange alikuja siku ya pili baada ya leso kuchanwa. Mwakisha alimshika mbwa. Mghoi aliketi mbali, penye jiwe la kufulia, kwa sababu akisogea tu mbwa alianza kuunguruma. Nyange akagusisha kibao chake kwenye mkanda, akasoma.

"Milipuko mia nne na kumi na miwili," akasema. Akasoma tena, uso ukabadilika. "Mama, mlingoti ukilia wewe huwa wapi?"

"Wapi tena? Huwa naye."

"Unafanya nini?"

Mghoi akamweleza. Alimweleza bila aibu, akamwonyesha na mikono jinsi leso inavyofunika.

Nyange akaweka kibao chini.

"Kila mara?"

"Nikiwa nyumbani, kila mara. Ningemwachaje?"

"Mama, mkanda hauchagui. Hauna namna ya kujua kwamba huu ni mlio na huyu ni Mghoi. Unakuta vyote vimekaa pamoja kwenye zile dakika tatu, unavitoa vyote pamoja. Sauti yako, harufu yako, hiyo leso. Mara ya kwanza unatoa jani. Mara ya pili jani na kijiti. Mara mia nne, umefika mzizini. Umemtoa hata yule Mghoi wa zamani aliyempa maziwa akiwa mdogo."

"Mbona anamjua Baba Lenjo?"

"Baba Lenjo hakuwepo."

Mwakisha alifungua mdomo. Yeye ana mbwa wake, Chui, aliyevishwa mkanda siku ileile. "Mimi Chui wangu huwa namfungia na mbuzi," akasema polepole. "Ule mlio ukianza siendi hata kuchungulia. Kusema kweli mimi mwenyewe huwa najificha." Akamtazama Mghoi, akatazama chini. "Na akitoka ananirukia mpaka ananiangusha."

"Wewe ulifuata masharti," akasema Nyange.

"Sikufuata kitu. Sikujali tu."

Kibiriti alimlamba kiwiko.

"Basi nitaanza upya," akasema Mghoi kutoka kwenye jiwe. "Nitamlisha, atanizoea. Si alinizoea mara ya kwanza?"

"Mkanda umekuhesabu wewe na mlio kuwa kitu kimoja. Sasa harufu yako peke yake ikimfikia, moyo wake unaruka, mkanda unafunguka. Kila ukimkaribia unafutwa tena. Ndiyo sababu wiki hizi mbili amezidi."

"Tuuvue."

"Ukivuliwa, mlio wa kwanza utamkuta kama mtoto wa siku moja. Hajawahi kuusikia. Na mlingoti wa sasa una nguvu mara sita ya ule uliomvunja jino. Niliwavua mbwa wawili kule bondeni, mama. Sitaki kukueleza."

"Nihame naye?"

"Uende wapi? Ukiufuata Ua kwa miguu utatembea mwezi mzima."

Mghoi akauma pindo la leso. Kisha akauliza jambo ambalo lilikuwa limemkosesha usingizi. "Kama hanijui, jioni langoni anamngoja nani?"

Nyange akavua kofia. Ilionekana wazi kwamba angependa kuulizwa kingine.

"Ule mlio haukuwahi kukukuta ukiwa unatokea barabarani saa ile?"

"Hapana. Saa ile tembo huwa bado mtoni."

"Basi kule kungoja kumebaki. Mkanda haukuwahi kukutana nako. Anajua kwamba saa kumi na moja kuna mtu anakuja na yeye anampenda huyo mtu. Hajui ni nani."

*

Dawa ilikuwa moja, na Nyange aliitaja akiwa amekwisha kuvaa kofia tayari kuondoka. Punje haipotezi kitu. Vyote vimo. Kuna kidude, chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, na mwenye mbwa akikibonyeza hatua moja kutoka kwa mbwa wake, punje inamimina kila kitu kurudi kichwani. Mghoi atarudi. Na milipuko mia nne na kumi na miwili itarudi, yote kwa mpigo, kwa muda wa kupiga chafya tatu.

"Haitengani?"

"Nimejaribu. Haitengani."

"Uliowamiminia walikuwaje?"

"Walikuwa tisa. Sita walikufa palepale, moyo. Wawili wako hai, wanalishwa kwa kijiko. Mmoja ni mzima."

"Mmoja ni mzima."

"Mama, tafadhali, usimshike huyo mmoja."

Mghoi akakunja pindo la leso. "Wale sita. Kabla ya kufa, waliwajua watu wao?"

Nyange alichukua muda kufunga mkoba wake. "Waliwajua," akasema. "Kuna mmoja alitingisha mkia."

Akamwachia kidude. Sheria yao ilikuwa kwamba mwenye mbwa ndiye abonyeze, si yeye. Akamwambia pia punje inakaribia kujaa. Jumamosi ya wiki ile, saa kumi na mbili jioni, itajiosha yenyewe ili ianze upya. Baada ya hapo hakutakuwa na kitu cha kumimina.

Siku nne. Siku ya kwanza Mghoi aliweka kidude juu ya kabati, siku ya pili akakishusha, siku ya tatu akakibeba sokoni ndani ya kapu, chini ya ndizi, akihofia mtu asije akakigusa. Nyumbani alikuwa ameshahamia jikoni, lile banda la nyuma, kwa sababu Kibiriti alilala kwenye mlango wa nyumba kubwa na hakumruhusu kupita. Alikuwa analinda. Kazi yake aliifanya vizuri kuliko zamani. Mwakisha ndiye aliyemletea mbwa chakula, na ndiye aliyeingia ndani kumtolea Mghoi blanketi na sufuria.

"Mbwa wako amenifanya mimi mume wa nyumba," akasema akitoa sufuria. "Tubadilishane, Mama Mkawasi. Wewe chukua Chui. Anakoroma, anaiba mayai, lakini haulizi mtu kitambulisho."

"Mpe Chui salamu."

"Ninasema kweli."

"Najua."

Ijumaa hakwenda sokoni. Saa kumi alizunguka nyuma, akajificha kwa Mwakisha, nyuma ya ua wa miti, upepo ukiwa unamjia usoni. Saa kumi na moja kasoro kidogo Kibiriti aliamka mlangoni, akajinyoosha, mguu huu na mguu huu, akashuka langoni kuketi. Wanawake wakaanza kupita wakitoka sokoni. Wa kwanza alipotokea kwenye kona, kapu kichwani, mbwa aliinuka. Mkia ulianza. Mwanamke akakaribia, akawa mtu mwingine, mkia ukasita. Mbwa akaketi. Akaja wa pili, mbwa akainuka. Mghoi alihesabu wanawake kumi na wanne. Mbwa aliinuka mara kumi na nne, na kila mara mkia ulianza upya kama vile wale wengine hawakupita.

Usiku ule aliamua kubonyeza. Alijiambia kwamba afadhali dakika moja ya kujuana kuliko maisha ya kuinuka na kuketi. Alijiambia kwamba kuna yule mmoja mzima. Kisha akajiuliza dakika hiyo ilikuwa ya nani, ya mbwa au yake. Lakini alikuwa ameshaamua.

*

Jumamosi saa kumi alasiri Mwakisha alikuja, amevaa shati safi. Mghoi alimwuliza shati ni la nini, naye akasema hajui, ameona tu avae. Walikuwa wamepanga: yeye atamshika mbwa, amfunge kamba fupi kwenye nguzo ya upenu, Mghoi aje mpaka hatua moja.

Kibiriti alipomwona anakuja akavuta kamba, akabweka mpaka povu likamtoka. Mwakisha akapiga goti, akamkumbatia shingo.

"Taratibu, bwana, taratibu. Huyu ni wa kwenu." Akainua macho. "Bonyeza, Mama Mkawasi. Ananitoka mikononi."

Mghoi aliinua mkono. Kidole kilikuwa kimeshagusa. Alimtazama usoni, akitafuta mahali pa kuanzia, na mbwa hakumtazama yeye. Alikuwa anabweka huku jicho likienda barabarani.

Mlingoti wa nne ukalia.

Mghoi aliwaambia wengi baadaye kwamba ule ulikuwa mkubwa kuliko yote aliyowahi kuisikia, lakini mimi nadhani ni kwa sababu siku ile alikuwa amesimama tu. Bati la nyumba lilipiga kelele. Mwili wake ulikuwa umeshaanza kwenda, leso imeshatoka begani, jina liko mdomoni. Ndipo akaona mikono ya Mwakisha kwenye shingo ya mbwa, na mdomo wake unafunguka kumsemesha.

"Mwachie," akasema. "Usiseme neno. Mwachie, utoke hapo, mkanda umefunguka. Atakusahau na wewe."

Mwakisha aliruka kama aliyeshika chungu cha moto. Walirudi wote wawili mpaka kwenye jiwe la kufulia, wakasimama, kila mmoja amejiziba mdomo kwa kiganja. Dakika tatu. Mghoi hakuwahi kujua ni ndefu hivyo.

Na mbwa, peke yake kwenye nguzo, bila mtu, bila nguo juu ya kichwa, bila jina, alizungusha sikio moja kuelekea kule mlio ulikotoka. Akaacha kubweka. Akajizungusha mara mbili, akalala, akaweka kidevu juu ya miguu. Akapiga miayo, ulimi wote ukaonekana.

Mghoi alitazama ile miayo. Hakukuwa na mshtuko wowote ambamo mbwa yule alikuwa amebaki. Alikuwa hapa, mzima, ameshiba, anamfuatia nzi kwa macho. Na kama hakubaki leo, basi hakubaki jana, wala siku ile aliyoacha sufuria ikaungua, wala siku ile ya mteja na mizani. Karibu mara mia nne alikuwa amekimbia kumtoa mahali ambapo hakuwepo. Kila mara alikuwa anafika na kujifuta.

"Zimekwisha," akanong'ona Mwakisha. "Dakika tatu. Bado kuna muda mpaka saa kumi na mbili. Nimshike tena?"

Mghoi aliendelea kumtazama mbwa.

"Mama Mkawasi. Ukitaka, nitamshika. Usipotaka, pia sitasema kitu."

"Mtu akinijia mimi," akasema Mghoi, "aniambie nitamjua Wakesho tena kwa dakika moja, anirudishie na ile asubuhi yote, na kila asubuhi tangu hapo, kwa mpigo. Ningekubali."

"Basi bonyeza."

"Mimi ningekubali. Yeye nimwulize nani?"

Mwakisha akakuna shingo. Alikuwa mtu wa mzaha na mzaha ulikuwa umemwishia. "Sasa?"

"Mfungulie kamba. Saa yake ya kwenda langoni imefika."

Mwakisha akaenda akafungua kamba. Kibiriti akajikung'uta, akamnusa shati safi, akamlamba mkono. Kisha akajinyoosha, mguu huu na mguu huu, akashuka langoni, akaketi wima na kuitazama barabara. Mghoi akabaki nyuma ya nyumba, akimwona mgongo. Upepo ulikuwa mzuri. Wanawake wakapita na makapu yao, mbwa akainuka na kuketi, akainuka na kuketi. Kidude alikishika mkononi muda wote huo, kikapata joto la mkono wake, na ilipofika saa kumi na mbili taa ndogo ya kijani iliyokuwa kwenye mkanda ikawa nyeupe, ikakaa hivyo kidogo, ikazimika. Mbwa hakugeuka. Hakuna kilichomgusa.

"Imekwisha hiyo?" akauliza Mwakisha.

"Imekwisha."

"Nilidhani kutakuwa na kitu zaidi."

"Nami pia."

Akampa kidude amrudishie Nyange. Mwakisha akamwambia kwamba mke wake amepika mbaazi, aje kula. Mghoi akasema atakuja kesho. Mwakisha akaondoka kwa kupitia langoni, akimsemesha mbwa kwa sauti ya kawaida, na Mghoi akasikia mkia ukipiga mbao za lango.

Giza lilipoanza kuingia alikwenda jikoni. Hakuwasha moto, kwa sababu moshi wa moto wake ulikuwa unamwamsha mbwa. Akala ndizi moja baridi, akatandika gunia, akalala ubavu akitazama ufa wa mlango. Upande wa pili wa ua wa miti taa ya Mwakisha ikazimwa, mlango wake ukafungwa, mtoto akalia kidogo akanyamaza.

Muda mrefu ukapita, halafu akasikia kucha za Kibiriti juu ya changarawe. Alikuwa anarudi kutoka langoni, mwendo wa mnyama aliyechoka. Akapanda upenuni. Akazunguka mara mbili mbele ya mlango wa nyumba ambayo ndani yake hapakuwa na mtu, akajiangusha, akashusha pumzi. Mghoi alitaka kukohoa, akajaza leso mdomoni mpaka ile hamu ikapita. Akangoja. Alingoja mpaka pumzi za mbwa zikawa nzito na sawasawa, mpaka akasikia ule mguu wake wa nyuma ukikwaruza sakafu kama anayekimbia ndotoni, mpaka nao ukatulia.

Ndipo akafumba macho, naye akalala.